Feza na moshi wa Nyiragongo

Katika mji wetu wa Goma, aliansi ya feza ikianza kuwa nyeusi kwenye kidole, maneno hayakosi. Mama mkwe anaangalia, jirani anaangalia. Mmoja atasema bwana anatembea inje, mwingine atasema mwenye kuivaa ana ugonjwa, mwingine ataleta mambo ya uchawi. Nimeona ndoa ya miezi sita ikitikisika juu ya pete tu. Ndiyo sababu naandika hapa namna feza ilifika kwetu, na namna ya kuichagua.

Wazee wetu hawakuizoea. Kuzunguka ziwa Kivu mapambo yalikuwa ya shaba na ya chuma, tena kulikuwa zile butega, pete nyembamba zilizosukwa kwa nyuzi za mimea, ambazo wanawake walizivaa miguuni na watu wakazitumia pia kununua vitu. Hata leo tukisema "feza" tunafikiri noti mfukoni, siyo madini. Pwani ilikuwa mambo mengine. Kule masonara waliyeyusha reale za Maria Theresa, zenye kuandikwa mwaka 1780 hata zile zilizopigwa miaka mingi nyuma ya kifo chake. Reale ile ina feza sehemu 833 juu ya 1000. Zinazobaki ni shaba zaidi.

Kwetu feza ilikuja hasa na sarafu za Wazungu. Zile za Leopold II, kuanzia mwaka 1887, zilikuwa nzuri: ya franka 5 ilikuwa na 900 juu ya 1000, ndogo zake 835. Mwaka 1944, katikati ya vita, ikatoka franka 50 yenye tembo, na hiyo ilikuwa feza nusu tu. Mama yangu mkubwa alikuwa nayo moja, imetobolewa, anaivaa shingoni. Ilikuwa nyeusi sawa chini ya sufuria. Kila siku kuu aliisugua na majivu.

Sasa, juu ya nini inakuwa nyeusi? Feza yenyewe haiogopi maji wala hewa safi. Adui yake ni sulfuri. Zikikutana, zinafanya ngozi nyembamba nyeusi juu yake. Na sisi tunaishi chini ya Nyiragongo! Ule moshi una gesi yenye kunuka kama kiberiti kimewashwa, na kidogo ya ile inayonuka yai bovu, ambayo ndiyo mbaya kabisa kwa feza. Yule anayeshangaa aangalie mabati ya nyumba upande moshi unapopeleka mvua: yanapata kutu haraka. Lakini tusisingizie mulima peke yake. Jasho, yai, kitunguu, mpira, sabuni ya sulfuri, vyote vinasaidia. Bwana hayumo.

Kwa kuchagua, angalia kwanza namba ndani ya pete. 925 maana yake feza sehemu 925 na 75 za madini mengine, mara nyingi shaba. 800 ao 835 ina shaba nyingi, kwa hiyo itabadilika rangi mbio zaidi. Ile ya 999 ni karibu safi lakini ni laini, pete ya kila siku itapinda. Tena sulfuri inaifikia vilevile. Kuna feza iliyopakwa rodiamu, inayokaa nyeupe kwa muda mrefu mpaka tabaka lile liishe. Ukiipata kwa muuzaji anayejulikana, mimi ningechukua hiyo. Kuna pia feza iliyochanganywa na jermaniamu, inayochelewa sana kuwa nyeusi, ila bei yake si ya wengi.

Namba inaweza kudanganya. Birere utauziwa inoksi ao plake yenye 925 juu yake. Inoksi haiwi nyeusi, ni kweli, na si aibu kuivaa, basi uilipe bei ya inoksi. Omba simaku kwa wale wanaotengeneza redio: pete ikishikwa, siyo feza. Isiposhikwa bado haujajua, kwa maana shaba na hata inoksi nyingine hazishikwi.

Feza ivaliwe, ile ya kila siku inang'aa kuliko ile ya sandukuni. Usipoivaa, ifunge ndani ya sashe pamoja na kipande cha chaki. Majivu na dawa ya meno vinaikwangua. Weka maji ya moto, chumvi na bikarbonati ndani ya sufuria ya aluminiamu, pete iguse chini, ngoja kidogo, halafu suuza. Pete yenye jiwe ao lulu isiingie humo.

Ile franka 50 tuliipitisha humo. Tembo akaonekana tena, mkonga na meno yake. Mwaka ndio hausomeki, majivu yalishaumaliza.