Marumaru Isiyo Marumaru: Historia ya Jiwe Jeupe la Jikoni

Neno marumaru lilisafiri sana kabla ya kufika kwetu. Wayunani walisema marmaros, Warumi wakasema marmor, Waarabu na Waajemi marmar, nasi tukalipokea na kulipa vokali zetu. Katika safari yote hiyo lilikuwa jina la jiwe lichimbwalo mlimani, ling'aalo likisuguliwa. Siku hizi maana yake imelegea. Mjini Dar es Salaam vigae vya udongo wa kuchomwa vyaitwa marumaru. Na bamba jeupe lenye mishipa ya kijivu, litandikwalo juu ya makabati ya jikoni au pembeni mwa beseni la kunawia, nalo huitwa marumaru, ingawa mara nyingi limeundwa kiwandani kwa chembe za jiwe jingine zilizoshikamanishwa kwa gundi.

Yafaa kuichunguza historia ya bamba hilo. Mtu ajengaye nyumba huliendea dukani, akalipapasa, akautazama weupe na mishipa yake, akauliza bei, akachagua. Amechagua sura, naye haoni zaidi ya sura. Lakini sura hiyo ina asili yake, na jiwe lina asili nyingine, na kazi ya kulikata ina habari ya tatu iliyo nzito kuliko hizo mbili. Mwenye kuzijua zote tatu ndiye awezaye kusema kwamba amechagua.

Tuanze na sura. Weupe wenye mishipa ulipata heshima yake katika milima ya Apuane, kaskazini ya Toscana nchini Italia, penye machimbo ya Carrara. Jiwe la huko lilikuwa tope la chokaa chini ya bahari ya kale. Likazikwa, likabanwa na kupikwa na joto la ardhi, hata chembe zake zikageuka fuwele. Palipokuwa na uchafu wa udongo, chuma au madini mengine, pakabaki michirizi ya kijivu na ya rangi ya dhahabu. Mshipa, basi, ni dosari iliyogeuka kuwa pambo. Wafanya biashara hutofautisha namna zake: lile la michirizi myembamba ya kijivu huitwa Bianco Carrara, na lile jeupe zaidi, lenye mishipa minene iliyoachana, huitwa Calacatta, nalo ni adimu na ghali zaidi.

Warumi walianza kuyachimba mawe hayo kwa wingi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, wakayapakia katika bandari ya Luni. Mwandishi Plinius asimulia kwamba Mamurra, aliyekuwa mkuu wa mafundi wa Julius Caesar katika nchi ya Gaul, ndiye wa kwanza mjini Roma kuzifunika kuta za nyumba yake kwa mabamba ya marumaru. Naye Plinius hakulisimulia jambo hilo kwa kulisifu. Tangu hapo jiwe jeupe likawa alama ya mwenye nacho. Mwaka 1497 Michelangelo alikwenda Carrara mwenyewe kuchagua jiwe la sanamu ya Pietà, na sanamu yake ya Daudi, iliyochongwa kati ya 1501 na 1504, ni ya marumaru ya machimbo hayo hayo.

Penye kitu cha thamani hapakosi kuiga. Kuta za Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, zinaonyesha lipu iliyoumbwa na kupakwa rangi ifanane na matofali ya marumaru. Katika karne ya 17 mafundi wa Carpi, kaskazini ya Italia, waliiendeleza sanaa ya scagliola, yaani jasi iliyochanganywa na gundi na rangi, ikakandwa na kusuguliwa mpaka jicho lisiweze kuitofautisha na jiwe. Kwa hiyo bamba la leo si la kwanza katika ukoo wake. Wahenga wetu walikwisha sema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini kuna sababu nyingine ya kuiga, mbali na bei. Marumaru ni jiwe la fahari, ila jikoni ni dhaifu. Asili yake ni chokaa, na chokaa haipatani na uchachu. Tone la ndimu, siki au ukwaju likiachwa juu yake hula mng'aro, likaacha alama isiyofutika kwa kitambaa. Manjano na mafuta huingia katika vitundu vyake. Katika kipimo cha ugumu kilichowekwa na Friedrich Mohs, ambacho huanzia 1 kikaishia 10 penye almasi, marumaru hukaa karibu na 3, chini ya kisu cha chuma. Mpishi wa pwani, ambaye ndimu na manjano haviondoki mkononi mwake, angelichakaza jiwe la Michelangelo katika muda mfupi.

Hapo ndipo lilipoingia jiwe la pili, kwatsi. Kwatsi ni fuwele ya madini ambayo wanasayansi huyaita silika, neno lisilohusiana na silika ya tabia. Ugumu wake ni 7, wala ndimu na siki haziligusi. Si jiwe geni kwetu. Kwatsi safi, angavu kama maji, ndiyo bilauri ya asili, nayo ilikuwa bidhaa ya upande wetu wa bahari ya Hindi. Mwanachuoni al-Biruni, katika kitabu chake cha vito cha karne ya 11, aliandika kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji. Huko Dembeni, katika kisiwa cha Mayotte, waakiolojia wamechimbua vipande vingi vya bilauri vya zama hizo. Baadaye kioo cha kuyeyushwa kikachukua nafasi ya jiwe, na jina likahamia kwenye bilauri tunayonywea maji. Basi si marumaru peke yake iliyokopesha jina lake kwa kitu cha kuigwa, bilauri ilitangulia.

Kwatsi ina kasoro moja kwa mjenzi: huchimbwa kwa wingi, lakini ni shida kupata pande moja kubwa, jeupe, lisilo na nyufa. Jawabu lilipatikana Italia, nchi ya marumaru yenyewe. Mwaka 1963 Marcello Toncelli alianzisha kampuni ya Breton huko Castello di Godego, katika jimbo la Treviso, na katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ikakamilisha njia ya kuunda mabamba ya mawe. Kwatsi husagwa ikawa changarawe na unga. Huchanganywa na rangi na gundi ya kemikali iitwayo resini. Hutandazwa katika kalibu. Kisha hewa hufyonzwa, na mchanganyiko hutikiswa na kubanwa kwa wakati mmoja, hata pasibaki kitundu. Mwisho hupashwa joto gundi ikashika, na bamba likasuguliwa. Sehemu 90 au zaidi katika 100 za uzito wake huwa kwatsi.

Mashine za Breton ziliuzwa katika nchi nyingine. Mwaka 1987 kiwanda cha Caesarstone kilianzishwa Sdot Yam, kijiji cha ujamaa kilicho karibu na magofu ya Kaisaria nchini Israeli. Mwaka 1990 kampuni ya Cosentino ya Hispania, iliyozaliwa katika jimbo la Almería karibu na machimbo ya marumaru ya Macael, ilitoa bamba liitwalo Silestone. Mabamba ya mwanzo yalikuwa ya madoadoa, mfano wa matale au chumvi na pilipili. Hayakujaribu sana kuwa marumaru. Mshipa mrefu, wenye kupinda na kufifia kama wa Calacatta, ulihitaji ufundi zaidi, nao ulienea hasa katika miaka ya 2010. Ndipo mabamba meupe yenye mishipa yalipoyajaza majiko ya Marekani, Australia na Ulaya, yakafuata katika miji yetu.

Hata hapa hadithi ni ya ushindi: uzuri wa jiwe moja umevikwa juu ya ugumu wa jiwe jingine. Lakini bamba litokalo kiwandani halitoshi jikoni mpaka likatwe. Lazima fundi alipunguze, alitoboe tundu la sinki, alisugue kingo. Msumeno ukipita juu yake bila maji hutoka vumbi jeupe, na ndani yake mna chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo hupita puani na kooni zikafika mwisho wa mapafu. Hapo haziyeyuki. Mapafu hujaribu kuzizunguka, yakafanya makovu, na kovu halivuti hewa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya.

Hakuna awezaye kusema kwamba jambo hili halikujulikana. Georgius Agricola, katika kitabu chake cha migodi kilichotolewa mwaka 1556, aliandika kwamba katika migodi ya milima ya Karpati walikuwako wanawake walioolewa na waume saba, na wote saba wamekufa kwa vumbi. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, alieleza mwaka 1700 jinsi wachongaji wa mawe wavutavyo vipande vyenye ncha kali hata wakapatwa na kikohozi na pumu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliiweka silika ya fuwele miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Kilichokuwa kipya ni kipimo: marumaru ina silika kidogo sana, matale kwa kawaida hayafiki nusu, na bamba la kwatsi lapita sehemu 90. Kwa hiyo ugonjwa ambao zamani ulimwandama mchonga mawe baada ya miongo kadhaa, sasa humfikia fundi kijana, mara nyingi kabla hajatimiza miaka kumi kazini.

Mwaka 2012 madaktari wa Israeli walitoa habari za wagonjwa 25 walioletwa kwao kati ya 1997 na 2010 ili wapimwe kwa ajili ya kubadilishwa mapafu. Wote walikuwa mafundi wa mawe ya kuundwa, waliokata bila maji. Mwaka 2023 madaktari wa Kalifornia walieleza habari za wagonjwa 52, karibu wote wahamiaji kutoka nchi za Amerika ya Kilatini. 10 kati yao walikwisha kufa. Mwishoni mwa mwaka huo jimbo hilo lilitoa kanuni za dharura za kulazimisha maji na vinyago vya kupumulia katika kazi hiyo. Australia ilikwenda mbali zaidi: ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kukata mabamba hayo tangu tarehe 1 Julai 2024, na kuyaingiza nchini tangu tarehe 1 Januari 2025. Watengenezaji walijibu kwamba kosa ni la ukataji mbaya, si la jiwe. Neno hilo lina ukweli, maana bamba lililokwisha tandikwa halimdhuru apikaye juu yake. Lakini karakana ndogo, ambamo kijana wa kibarua hukata kwa mashine ya mkono na kitambaa puani, zipo kila nchi, nazo ndizo zipatazo kazi nyingi.

Mjenzi achague nini, basi? Kwanza, aitazame kazi ya mahali. Jikoni penye ndimu na manjano, kwatsi hushinda. Lakini resini haipendi moto, na sufuria itokayo mekoni iwekwe juu ya kibao. Katika bafu hapana sufuria wala ukwaju, na marumaru halisi yaweza kukaa kwa amani, mradi hina na piko zisimwagikie. Nje penye jua, bamba la kwatsi halifai, kwa sababu jua hugeuza rangi ya resini. Pili, autazame mshipa penye ukingo uliokatwa: ukiwa juu tu na ndani hamna, tundu la sinki litaifichua siri. Mabamba mawili yenye mishipa ileile yamezaliwa kiwandani, maana mlima haurudii mchoro wake. Penye kiungo, mshipa wa bamba moja uelekee wa jirani yake.

Tatu, na hili halimo katika karatasi za matangazo, aende karakana kabla ya kulipa. Aone kama msumeno unamwagiwa maji, kama vumbi linafyonzwa, kama mafundi wana vinyago vya kweli. Aulize bamba lina silika kiasi gani, maana siku hizi yapo yaliyoundwa kwa kioo na madini mengine ili kuipunguza. Asikubali bamba likatwe kavu sebuleni mwake kwa kuokoa nusu siku. Maswali hayo hayaongezi bei ya jiwe, na fundi mwema hayachukii.

Sisi tushughulikao na lugha tunayo sehemu yetu. Neno marumaru, likiitwa juu ya bamba la kwatsi, humfanya mnunuzi adhani kwamba jiwe hilo limetoka mlimani na kwamba vumbi lake ni la chokaa. Fundi naye hudhani hivyo, akalikata kama alivyozoea kukata marumaru. Tuliite jiwe la kuundwa. Jina hilo si zuri kama lile la Wayunani, lakini limwambia fundi kwamba alichoshika si marumaru, kabla hajawasha msumeno.