Bahati na ustadi katika takwimu za hoki ya barafuni

Bahati na ustadi katika takwimu za hoki ya barafuni ni mjadala wa siku nyingi miongoni mwa wachambuzi wa NHL, ligi ya Marekani na Kanada. Unatokana na uhaba wa mabao. Katika mashuti 100 yanayolenga lango, yanayoingia wavuni ni kama 8 hadi 10 tu. Mshambuliaji mwenye uwezo wa kufunga 8 anaweza kupata 11 msimu huu na 5 msimu ujao bila kiwango chake kubadilika hata chembe: mara kisahani cha kuchezea kimegonga mwamba, mara kimembabatiza beki gotini kikajaa wavuni.

Kipimo maarufu cha bahati ni PDO. Herufi hizo si kifupi cha chochote. Ni jina alilotumia mtandaoni Brian King, mwenye wazo hilo. Hujumlishwa asilimia ya mashuti ya timu yaliyozaa mabao na asilimia ya mashuti ya wapinzani yaliyookolewa, mchezaji anayepimwa akiwa uwanjani. Wastani wa ligi ni 100, kwani kila bao la timu moja ni shuti lililomshinda kipa wa nyingine. Wanaopanda juu sana aghalabu hushuka.

Kipimo kingine ni Corsi. Kipimo hiki, kilichopewa jina la Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres, huhesabu mashuti yote, hata yaliyotoka nje na yaliyozuiwa njiani. Mashuti ni mengi kuliko mabao, kwa hiyo hapa bahati haina nafasi kubwa.

Mfano wa bahati kupanda na kushuka ni mshambuliaji William Karlsson, aliyefunga mabao 6 akiwa na timu ya Columbus msimu wa 2016–17. Alipohamia Vegas alifunga 43, karibu robo ya mashuti yake, kisha 24 msimu uliofuata. Colorado Avalanche nao walivuna pointi 112 msimu wa 2013–14 huku wakizidiwa mashuti. Mwaka uliofuata wakaambulia 90 na kukosa hatua ya mtoano.

Hata hivyo, kuiita kila PDO kubwa bahati ni uvivu wa kuchambua. Kipa hodari huipandisha kihalali, na wapo wafungaji wasioshuka: Leon Draisaitl wa Edmonton Oilers alifunga zaidi ya asilimia 18 ya mashuti yake kwa misimu mitano mfululizo, kuanzia 2018–19 hadi 2022–23.