Safu Tupu kwenye Lebo za Ziwa

Makome ya kwanza ya Ziwa Tanganyika kufika mezani kwa wataalamu wa Ulaya hayakuombewa ruhusa kwa mtu yeyote. Speke, mpelelezi Mwingereza, aliyabeba mwaka 1858, safari ile aliyokuja na mwenzake Burton, wakafika hadi Uvira, mji ambao sisi wa Bujumbura tunaziona taa zake ng'ambo ya maji. Mwaka 1859 Samuel Woodward akayaeleza kwa maandishi mjini London. Mimi niliyezeekea maabara, nikiosha chupa na kubandika lebo, huisoma historia ya ziwa hili kama mtu wa lebo: nani alichukua, wapi, lini, kwa idhini ya nani. Hiyo safu ya mwisho ilikaa tupu muda mrefu sana.

Baada ya Speke akaja mtaalamu J. E. S. Moore, mara mbili kabla karne haijageuka. Aliona konokono wa hapa wanafanana na wa baharini, akashikilia kwamba zamani bahari ilifika huku. Alikosea, lakini alikosea kwa bidii, kitabu kizima cha mwaka 1903. Kisha ukaja msafara wa Wabelgiji, 1946 hadi 1947, ambao Max Poll ndiye aliyeshughulikia samaki wake. Marehemu baba, mvuvi wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa akisimulia kwamba Wazungu wale walinunua vile visamaki vya mawe visivyoliwa kwa bei ya samaki mukeke mnono. Wavuvi walicheka hadi machozi. Visamaki vikaishia kwenye mitungi Ubelgiji, na leo mtafiti wa Bujumbura akitaka kulinganisha samaki aliyemvua mwenyewe na yule wa mwanzo aliyepewa jina, hana budi kubisha hodi kule.

Miaka ya 1970 samaki waliondoka pia wakiwa hai. Mbelgiji Pierre Brichard alifungua biashara hapa mjini ya kuwasafirisha kwa ndege kwenda kwa wafugaji wa samaki wa mapambo ng'ambo. Mwaka 1974 Poll akampa samaki mmoja jina la Brichard. Wauzaji wakamwita Binti Mfalme wa Burundi. Mwaka 2014 jenomu yake ikatangazwa katika jarida la Nature, pamoja na za jamaa zake wanne wa Afrika. Kwa hiyo Burundi ina binti mfalme anayejulikana maabara za dunia, na sidhani kama kuna aliyekuja kuposa.

Mimi mwenyewe niliingia kazi za ziwa kwa nguvu wakati wa ule mradi wa FAO uliolipiwa na Finland, makao yake yakiwa hapa Bujumbura. Julai 1993 tulianza kupima maji kwa ratiba moja na wenzetu wa Kigoma, Tanzania, na Mpulungu, Zambia. Oktoba, Rais Ndadaye akauawa, na nchi ikawaka. Kupima hakukuachwa. Siku moja tukirudi ufukweni, kijana mwenye bunduki aliuliza kuna nini ndani ya chupa. Nikamjibu ni maji. Maji gani mnayatoa ziwani kwa kamba ndefu namna hiyo? Akaniamuru ninywe. Nikanywa sampuli ya mita arobaini, shukrani kwa Mungu kabla hatujaitia dawa, na kwenye daftari la siku ile kuna nafasi moja isiyo na tarakimu.

Karatasi za idhini za upande wetu zilichelewa. Tanzania walitangulia: COSTECH, tume yao ya sayansi na teknolojia, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kila aliyekwenda kufanya utafiti Kigoma alilijua joto la kusubiri kibali chake. Ziwa kama ziwa lilipata mkataba tarehe 12 Juni 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia walipotia saini Dar es Salaam, na ndani yake rasilimali za vinasaba nazo zikatajwa. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina ofisi yake hapa Bujumbura. Itifaki ya Nagoya, inayohusu ruhusa ya kuchukua vinasaba na mgawo wa faida zake, ilianza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, Burundi ikiwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo.

Marekani haimo katika Nagoya. Hata Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 iliutia saini tu, haikuuridhia. Nalisema hili kwa sababu ya mhadhiri mmoja kijana, niliyemfundisha kushika darubini, ambaye jina lake limewekwa kwenye ombi la ruzuku pamoja na chuo cha huko. Sheria yao ya Agosti 2022 inataka watafiti wakuu wanaotajwa katika ombi wapitie mafunzo ya usalama wa utafiti, na shirika lao la sayansi, NSF, lilianza kuidai hati ya mafunzo hayo mwaka 2025. Iwe ya ndani ya miezi kumi na miwili kabla ya kuomba. Umeme ulikuwa umekatika. Binti huyo akayafanya mafunzo kwa simu, kibarazani kwangu.

Alinisomea. Taja kila anayekulipa na kila cheo ulicho nacho nje. Chunga kompyuta yako safarini. Jihadhari na programu za kuvutia vipaji, hasa za China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini. Hilo la kutaja nani anakulipa nalipenda. Lingeandikwa enzi za Moore tungejua mengi. Lakini Kigoma kuna Wachina wa Nanjing wanaoshirikiana na TAFIRI, taasisi ya Tanzania ya utafiti wa uvuvi, kwa miaka sasa, wanapima maji yaleyale. "Mzee, nao niwaandike?" Waandike wote, mwanangu, hata wa Uvira. Katika saa nzima ile, kila mfano ulihusu maarifa yanayotoroka Marekani. Hakuna hata mmoja uliohusu sampuli inayoingia.

Alipomaliza, nikamwambia awaandikie wenzake wa huko wausome mkataba wa 2003 kabla hawajafunga masanduku. Upo kwa Kiingereza. Profesa wao alijibu siku ya pili, akauliza kama kuna cheti.