Valvu za Gitaa: Kutoka Blackburn hadi Saratov

Mpiga gitaa la umeme akiingia dukani leo kununua valvu za amplifaya yake, atakuta visanduku vyenye majina makubwa: Mullard, Tung-Sol, Genalex. Viwanda vilivyoyapa majina hayo sifa vilikufa zamani. Valvu zenyewe hutengenezwa Saratov, mji wa Urusi ulio kando ya mto Volga, na majina yote matatu ni mali ya kampuni moja ya New York. Asiyeijua historia hii hulipia jina akidhani analipia sauti.

Mwaka 1904, John Ambrose Fleming, mhandisi wa London, alitengeneza valvu ya kwanza: chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ndani yake mkiwa na waya wa moto unaotoa elektroni na bamba la kuzipokea. Miaka miwili baadaye Lee de Forest, Mmarekani, alianza kutia kati ya hivyo viwili kiungo cha tatu, gridi. Volti ndogo ikifika kwenye gridi huutawala mkondo mkubwa unaokwenda kwenye bamba, na hapo ndipo sauti hafifu inapokuzwa. Ajabu ni kwamba de Forest mwenyewe hakuelewa sawasawa kwa nini chombo chake kinafanya kazi. Alidhani gesi iliyobaki ndani ya chupa ndiyo inayosaidia.

Redio ndiyo iliyolea biashara ya valvu. RCA ya Marekani ilitoa valvu ya 6L6 mwaka 1936, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83. Katika miaka ya 1950 viwanda vya Ulaya vikaeneza EL34 na EL84. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyobuniwa kwa ajili ya gitaa. Zilikusudiwa redio, santuri na vipaza sauti vya kumbi. Tangu mwanzo mpiga gitaa ametumia alichoandaliwa mwingine, na jambo hilo halijabadilika.

Leo Fender alikuwa fundi redio huko Fullerton, California, kabla ya kuanzisha kampuni yake mwaka 1946. Amplifaya yake ya Bassman, iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi, iliishia kupendwa na wapiga gitaa la kawaida. Ilipofika Uingereza bei yake ilikuwa mwiba. Basi mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la ala za muziki Hanwell, magharibi mwa London, akawaachia mafundi wake kazi ya kuinakili. Walifuata mchoro wa Fender karibu wote, ila pale mbele ambapo Fender aliweka 12AY7 wao wakaweka ECC83. Tofauti si ndogo: ECC83 ina kipimo cha ukuzaji cha 100, na 12AY7 haifiki hata 50. Amplifaya ya Marshall ikaanza kukwaruza mapema zaidi. Katikati ya miaka ya 1960 EL34 zikachukua nafasi kwenye sehemu ya nguvu, na ule ukali ambao dunia inauita sauti ya roki ya Kiingereza ukatimia. Wakati huohuo Vox AC30, yenye EL84 nne, ilikuwa imekwisha kuwapa The Shadows na The Beatles sauti yao ing'aayo.

Kifo cha valvu kilikuwa kimekwisha kuzaliwa. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, transista ya kwanza ilifanya kazi. Haihitaji kupashwa moto, haipasuki ikianguka, na haili umeme mwingi. Redio zikahama, televisheni zikahama, na viwanda vya valvu vikafungwa kimoja baada ya kingine. RCA ilijitoa mwaka 1976. Kiwanda cha Mullard cha Blackburn, Uingereza, kikaacha valvu katika miaka ya 1980. Wapiga gitaa wengi hawakuhama, kwa sababu valvu iliyosukumwa kupita uwezo wake huikunja sauti taratibu, ilhali transista nyingi za mwanzo ziliikata ghafla.

Nani basi aliendelea kuzitengeneza? Viwanda vilivyolihudumia jeshi la Kisovieti. Septemba 1976 rubani Viktor Belenko alitorokea Japani na ndege ya kivita ya MiG-25, na wakaguzi walipoifungua walikuta rada yake imejaa valvu. Waliocheka hawakujua kwamba viwanda vya namna hiyo ndivyo vingekuja kuokoa muziki wa roki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, valvu za Kirusi zilimiminika Magharibi. Marshall wenyewe, walipokosa EL34 nzuri katika miaka ya 1990, waliuza amplifaya zenye valvu za Kirusi za 5881. Mike Matthews, mfanyabiashara wa New York, alikinunua kiwanda cha Saratov, kisha akanunua na majina ya marehemu.

Leo chimbuko kuu ni Saratov, Čadca nchini Slovakia, na China. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, zilienea habari kwamba valvu zimezuiwa kuuzwa nje ya Urusi. Zuio lililegezwa baadaye, lakini maduka yalikuwa yamekwisha kusimamisha mauzo na bei zimeruka.

Ushauri wangu kwa anayebadilisha valvu ni huu. Tazama kwanza aina, si jina. Ukiona sauti imekuwa kali mno, kuweka 12AY7 mahali pa 12AX7 ya kwanza kutakusaidia kuliko sanduku la bei mbaya. Valvu za nguvu nunua zilizopimwa zikalingana, na usichanganye 6L6 na EL34 kwa kuwa tu zinaingia kwenye tundu lilelile: EL34 hula ampea 1.5 za kupasha moto, 6L6 hula 0.9, na pini ya kwanza hazitumii sawa. Uliza pia kama amplifaya yako ina bayasi ya kurekebishwa, yaani ile volti hasi ya kwenye gridi inayozuia valvu isijichome. Zile za zamani zilizobaki stoo, zinazouzwa kwa bei ya dhahabu, zinunue tu ukiwa na fundi wa kuzipima. Na usifungue amplifaya mwenyewe: kapasita za ndani zaweza kushika volti zaidi ya 400 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.