Uchungu wa Mwana na Elimu ya Daktari

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii husikika zaidi misibani na katika mabaraza ya ukoo. Mimi, kwa miaka niliyowafundisha wanafunzi wa udaktari katika wodi za watoto, nimeiona kuwa ni kanuni ya kazi. Mtu mzima akiugua hujieleza mwenyewe: hapa panauma, maumivu yalianza juzi, usiku yanazidi. Mtoto wa miezi minane hana maneno hayo. Ana kilio tu, na anayeweza kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha maumivu ni yule aliyemzaa na kumlea. Kwa hiyo kila kitanda cha mtoto kina mgonjwa mmoja na shahidi mmoja, na daktari asiyemsikiliza shahidi hutibu kwa kubahatisha.

Katika insha hii nataka kusimulia jinsi vyuo vya udaktari vilivyomsahau shahidi huyo, na jinsi alivyorudishwa. Nafanya hivyo kwa sababu naona dalili kwamba tunaweza kumsahau tena.

Tuanzie Ulaya, kwa kuwa mtaala tuliourithi ulitoka huko. Kwa karne nyingi mtoto hakuwa na nafasi yake katika elimu ya udaktari. Alifundishwa kama mtu mzima aliyepunguzwa kimo, au kama kiambatisho cha somo la uzazi. Mswidi Nils Rosén von Rosenstein aliandika kitabu chake mashuhuri juu ya magonjwa ya watoto mwaka 1764. Mjini Paris hospitali ya watoto ilifunguliwa mwaka 1802, na mjini London Charles West alifungua ya kwake katika mtaa wa Great Ormond mwaka 1852, ikiwa na vitanda 10 tu. Mwaka 1860 Abraham Jacobi, Mjerumani aliyekuwa amefungwa kwa ajili ya siasa kwao kabla ya kuhamia New York, alipewa kiti cha kufundisha magonjwa ya watoto, cha kwanza nchini Marekani. Huko Ujerumani kwenyewe iliwabidi wangoje hadi mwaka 1894, Otto Heubner alipofanywa profesa kamili wa fani hiyo mjini Berlin. Kabla ya hapo kijana aliweza kuhitimu udaktari bila kuwahi kumshika mtoto mgonjwa mikononi mwake.

Basi mtoto akapata hospitali yake na profesa wake. Lakini katika kupata hayo, mara nyingi alimpoteza mama yake. Madaktari waliogopa maambukizo, na wauguzi walipenda wodi iliyo kimya na yenye mpango. Ikawa desturi katika hospitali nyingi za Uingereza kuwazuia wazazi mlangoni, wakaruhusiwa kuwaona watoto wao kwa saa chache tu, pengine mara moja kwa wiki. Mtoto alilia siku mbili tatu, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule kukaitwa kuzoea. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu aliyoipiga ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa kwa siku nane bila mama yake. Madaktari wengi walioitazama walikasirika, wakasema wanasingiziwa. Hata hivyo, mwaka 1959 taarifa ya serikali iliyojulikana kwa jina la Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kuwekewa mipaka.

Alikuwapo mwalimu mmoja aliyekuwa ameliona jambo hilo mapema. James Spence wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, tangu miaka ya 1920 aliwalaza mama na mtoto pamoja, ili mama amuuguze mwanawe mwenyewe. Mwaka 1942 akawa profesa wa afya ya mtoto. Msomaji ayaangalie maneno hayo: hakuitwa profesa wa magonjwa ya watoto, bali wa afya ya mtoto. Mwaka 1947 yeye na wenzake walianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,100 waliozaliwa mjini humo katika miezi ya Mei na Juni, wakawatembelea majumbani mwao na kuona wanalala wapi, wanakula nini, na nani anawalea. Walijifunza kwamba maradhi mengi yaliyofika wodini yalikuwa yameanzia katika chumba chenye unyevu kilicholala watu wengi kupita kiasi.

Wakati huo huo, Afrika ilikuwa inatoa somo lake. Mwaka 1929 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alipelekwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Aliwakuta watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne wamevimba miguu, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabambuka, na nyuso zao hazina raha. Mwaka 1933 aliandika habari zao katika jarida la kitaalamu. Bingwa mmoja wa magonjwa ya nchi za joto, akiwa Uingereza, alibisha akisema huo ni ugonjwa wa pellagra uliokwisha kujulikana. Williams hakukubali. Mwaka 1935 aliandika tena, na safari hii akaupa ugonjwa jina ambalo wenyeji wa Accra, Waga, walikuwa wakilitumia: kwashiorkor. Maana yake, kama alivyoelezwa, ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake mdogo wake anapozaliwa.

Kiswahili chetu kimelifanya neno hilo kuwa kwashakoo, na wengi hulitaja bila kujua limetoka wapi. Mimi kila nilipolifundisha niliwaomba wanafunzi walitafakari. Ndani ya jina hilo mna chanzo cha ugonjwa, umri wa mgonjwa na habari ya nyumba yake: mtoto ameachishwa ziwa kwa sababu mwingine amekuja, na sasa anashindiwa uji mtupu wa mahindi. Akina mama wa Accra walikuwa wamekwisha kuujua ugonjwa huo wakati mabingwa wangali wakibishana. Kazi kubwa ya Williams ilikuwa kuwauliza, kisha kuwaamini.

Huku kwetu Afrika Mashariki, mafunzo ya udaktari yalianza Makerere mwaka 1924. Kwa miaka mingi watoto walifundishwa na madaktari wa wakubwa, mmoja wao akiwa Hugh Trowell, aliyetokea Kenya na kufika Kampala mwaka 1935, akatumia miaka mingi kuichunguza kwashakoo. Mwaka 1959 Derrick Jelliffe alianza kazi Makerere akiwa profesa wa magonjwa na afya ya watoto, kiti kilichogharimiwa na UNICEF. Jelliffe alisisitiza kuwa mwanafunzi atakayekwenda kuhudumia wilaya nzima hawezi kufundishwa kitandani tu. Ni lazima aende kwenye kituo cha afya kijijini, aione jikoni, aujue mgomba, karanga na maharage, na afahamu kwa nini mama anaamua kama anavyoamua.

Somo lenyewe halikuwa rahisi hata kwa walimu. Katika hospitali ya Mulago watoto wa kwashakoo walikuwa wakitibiwa kwa maziwa ya unga na kupona. Walirudi nyumbani ambako maziwa hayo hayakuwapo, na baada ya muda baadhi yao waliletwa tena, wamevimba vilevile. Hospitali ilikuwa imemponya mtoto bila kumfundisha mama lolote analoliweza. Ndipo katika miaka ya 1960 kikaanzishwa hapo Mulago kitengo cha Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye afya njema. Mama alikaa hapo na mwanawe, akapika mwenyewe kwa vyakula vya sokoni na shambani, akachanganya ndizi na karanga au maharage, na akamwona mtoto akinenepa kwa mkono wake. Mwanafunzi aliyepita pale alijifunza kuwa dawa inaweza kuwa chungu cha udongo, na anayeitoa dawa hiyo ni mama.

Katika Nigeria, David Morley alifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Alitengeneza kadi yenye mstari wa ukuaji, ambapo uzito wa mtoto huandikwa mwezi hadi mwezi, na akaamua kadi hiyo isitunzwe kliniki bali nyumbani kwa mama. Wapo waliodhani kadi zingepotea au kuliwa na panya. Akina mama walizitunza vizuri kuliko makarani wa hospitali. Kadi ya kliniki ambayo mama wa Kitanzania huifunga katika kitambaa pamoja na vitu vyake vya thamani ni ndugu wa kadi ile.

Dar es Salaam ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1963, na Nairobi mwaka 1967. Hapo tuliingia katika tatizo ambalo Newcastle hawakuwa nalo. Mwanafunzi wetu husoma vitabu kwa Kiingereza, humhoji mama kwa Kiswahili, na pengine mama mwenyewe huwaza kwa Kisukuma au Kigogo. Kisha mwanafunzi husimama mbele ya mwalimu na kueleza yote kwa Kiingereza. Katika safari hiyo mengi hudondoka njiani.

Chukua neno degedege. Kitabuni ni mtukutiko wa mwili unaoletwa na homa kali, na mara nyingi malaria. Lakini utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa wazazi wengi waliihesabu degedege kuwa ugonjwa mbali na malaria, unaopaswa kupelekwa kwa mganga wa jadi kwanza. Mwanafunzi anayeandika "malaria kali" na kuacha neno la mama ameandika ukweli nusu. Hajui kwa nini mtoto alicheleweshwa siku mbili, wala hataweza kumshauri mama kwa ajili ya mtoto atakayefuata.

Chukua pia neno kubemenda. Mtoto akidhoofu, majirani husema wazazi wamembemenda, yaani wamevunja miiko ya ndoa wakati ananyonya. Mama wa mtoto huyo hufika wodini amekwisha kuhukumiwa mtaani. Akiulizwa kwa ukali, "Ulikuwa unamlisha nini?", atajibu lolote la kumwondolea aibu. Nimewahi kumsikia muuguzi akimfokea mama wa namna hiyo mbele ya wanafunzi 12. Tangu hapo mama yule alijibu kila swali kwa "ndiyo". Maelezo yake yote yakawa hayana faida, na mtoto ndiye aliyelipa. Ukali mbele ya mama ni tabia mbaya, lakini zaidi ya hapo ni kosa la kitaalamu, sawasawa na kuivunja chupa ya damu kabla haijafika maabara.

Katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa utaratibu wa pamoja wa kutibu magonjwa ya watoto wa chini ya miaka 5, na Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuutumia. Utaratibu huo unamtaka mhudumu aanze kwa kutafuta dalili za hatari. Je, mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Je, anatapika kila kitu? Je, amepata degedege? Je, amelegea au hana fahamu? Msomaji ataona kuwa maswali matatu ya mwanzo huulizwa mama. Baada yake ndipo zinahesabiwa pumzi kwa dakika nzima: zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mwenye kikohozi hushukiwa kuwa na nimonia. Hakuna mashine hapo ila saa yenye mshale wa sekunde, macho, na sikio.

Matunda ya juhudi hizi na nyinginezo yanaonekana. Nchini Tanzania, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa 112 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa mwaka 2004 hadi 2005, na vikashuka hadi 43 katika ule wa mwaka 2022. Chanjo, vyandarua na dawa zimefanya kazi kubwa. Lakini dawa haimfikii mtoto ambaye mama yake aliondoka hospitalini bila kuelewa, au ambaye mara iliyopita alidhalilishwa na akaapa harudi.

Ndiyo maana nina wasiwasi. Madarasa yamekuwa makubwa, na wanafunzi 15 huzunguka kitanda kimoja. Aliye nyuma hamwoni mtoto wala hamsikii mama. Majibu ya maabara na picha hupatikana upesi kuliko zamani, jambo jema, lakini kijana hushawishika kuyasoma kwanza na kumwuliza mama baadaye, kama nafasi ikipatikana. Sipingi vipimo. Nasema tu kwamba kipimo hujibu swali lililoulizwa, na swali zuri hutoka kwa mtu aliyekaa na mtoto usiku kucha.

Nilipokuwa nikifundisha, mwanafunzi akimaliza kunieleza habari za mgonjwa wake, pamoja na ugonjwa aliouona na dawa anazopendekeza, nilikuwa na swali moja ambalo sikuliacha: "Mama yake anadhani mtoto anaumwa nini?" Mwanzoni wengi walitazamana. Wengine walidhani ni mzaha. Baada ya wiki mbili walianza kuja na jibu bila kuulizwa, na mara nyingi jibu hilo lilibadilisha namna ya kumtibu mtoto, au namna ya kumrudisha nyumbani. Ningependa kila mwalimu wa wodi ya watoto aliulize, na aliwekee alama katika mtihani. Halihitaji fedha wala umeme, na mtu wa kulijibu amekwisha kukaa pale kando ya kitanda, anangoja kuulizwa.