Shaba Huenguliwa

Kitabu kipya cha kemia kimeletwa Mtwara, na humo neno "uyeyushaji" limebebeshwa kazi tatu: kutoa shaba katika mbale, kuiondolea uchafu na kuimimina kalibuni. Waliolipitisha walikaa vikao, wakapiga mihuri. Nalikataa.

Kuyeyusha ni kugeuza kigumu kuwa kiowevu, basi. Sarafu ya shaba ikitiwa moto wa nyuzi 1,085 za selsiasi huyeyuka, na ikipoa ni shaba ileile. Mbale haitoki tanuruni kama ilivyoingia. Tena neno hilo lina mwenyewe: chumvi huyeyuka majini, na kule Katanga, nchini Kongo, mbale ya kijani, malakiti, huyeyushwa kwa asidi bila tanuru lolote. Mwanafunzi anayesoma kwamba "mbale huyeyushwa" atajuaje kama ni moto au ni asidi?

Neno ninalolitetea ni kuengua. Kila mpishi wa pwani analo: povu likipanda juu ya mchuzi, huenguliwa. Tanuruni makinikia ya shaba, yaani mbale iliyokwisha kupondwa na kupunguzwa mawe, hutiwa pamoja na mchanga wa silika. Sehemu ya salfa huungua ikawa gesi. Sehemu kubwa ya chuma hushikamana na mchanga, na mchanganyiko huo, kwa wepesi wake, huelea juu ukaenguliwa. Shaba hubaki chini.

Tazama ukoo wa kitenzi hiki. Kiishio -ua mara nyingi hutoa au hutenga: fukua hutoa ardhini, epua hutoa motoni, chambua hutenga kizuri na kibaya. Engua ni ndugu yao. Yeyusha ina -sha ya kusababisha tu. Haitengi kitu na kitu.

Nimeambiwa pia kwamba pwani haina haki ya kuita kazi ambayo haikuifanya. Asemaye hivyo hajafika Kilwa, kaskazini mwetu. Masultani wake walipiga sarafu za shaba zenye maandishi ya vina, upande mmoja ukiitikia mwenziwe. Tano ziliokotwa mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, Australia. Kisiwani Songo Mnara, jirani ya Kilwa, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua akiba moja ya zaidi ya 300. Misafara ya pwani ilipanda bara na masango, zile nyaya nene za shaba, na lugha ikawa na neno jingine, udodi, kwa waya mwembamba wa bangili. Jina shaba lenyewe limetoka katika Kiarabu shabah, shaba iliyochanganywa na zinki, iliyoitwa hivyo kwa kushabihi dhahabu. Shabihi na mshabaha ni wa shina hilohilo. Wazee wakaongeza sifa, shaba nyekundu, ili kuipambanua ile isiyochanganywa. Jina likasafiri hadi Katanga, ambayo tangu 1971 hadi 1997 iliitwa Jimbo la Shaba. Lugha iliyolipa jimbo zima jina la madini haishindwi kuyapa madini hayo kitenzi.

Wapinzani wangu hudai kuengua ni neno la uchaguzi, la wagombea wanaokatwa majina. Ni hoja ya kivivu. Siasa iliazima neno jikoni, na jikoni halijatoka. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia yalipozuiwa katika bandari ya Dar es Salaam, neno hilo lilishika midomo ya watu ndani ya majuma machache, kwa sababu lilitaja kitu kinachoonekana. Kuchenjua, yaani kutenga madini na mawe, nako nakuheshimu, ila mpaka wake uwe makinikia. Leo hutwikwa kila kazi, toka kuponda mawe hadi kutakasa. Na uchafu unaoenguliwa una jina tangu enzi za mivukuto: mavi ya chuma. Kuna kamati iliyolionea haya neno hilo ikaandika "slagi". Haya ya watu wachache imewanyang'anya wahunzi urithi wao.

Matumizi, kwa ufupi: mbale huchimbwa, huchenjuliwa ikawa makinikia, huenguliwa tanuruni, hupulizwa hewa, kisha shaba hutakaswa kwa umeme hadi usafi wa asilimia 99.99, mwisho husubiwa, ikavutwa nyaya za umeme na koili za mota.

Kilima cha Ntaka, Nachingwea, kina mwamba wa salfaidi wenye nikeli na shaba. Vijana wa kusini watakaofanya kazi ya kutoa madini kama hayo watasoma maelekezo ya mtambo kwa Kiswahili, na mtu anayesimama kati ya asidi na tanuru hana nafasi ya kubahatisha maana ya kitenzi. Kwa hiyo naitaka kamusi ijayo iandike: engua, tenga madini na mavi yake kwa moto. Mwenye neno bora kuliko hili alitoe hadharani, pamoja na ukoo wake.