Gitaa la Kinshasa, Ulimi wa Kindu: Mpenzi wa Muziki wa Maniema na Jukwaa la Dansi

Ipo hoja ya siku nyingi katika Kongo, nayo hurudiwa hata na watu waliosoma, kwamba Kilingala kimeumbwa kwa ajili ya nyimbo na Kiswahili kwa ajili ya mazungumzo. Kwa mujibu wa hoja hiyo, kijana wa Wamaza, baina ya Kasongo na Kabambare, anayesema Kiswahili tangu utotoni lakini akaimba rumba kwa Kilingala, hafanyi jambo la ajabu. Amefuata tabia ya lugha zenyewe. Makala haya yanaipima hoja hiyo kwa kufuata njia aliyopita mpenzi wa muziki wa Maniema kutoka kwenye santuri hadi ukumbini, na hasa njia ya mmoja wao, Remmy Ongala, aliyezaliwa katika eneo la Kindu mwaka 1947.

Haina budi ikumbukwe kwanza kwamba Maniema ya kusini haikungoja gitaa ndipo iimbe kwa Kiswahili. Lugha hiyo ilifika na misafara ya biashara ya pembe na watumwa. Nyangwe ilikuwa soko kubwa kando ya Lualaba, na Kasongo ikawa makao ya Tippu Tip na jamaa zake, hadi mji huo ulipotekwa na majeshi ya Mfalme Leopold tarehe 22 Aprili 1893. Utawala ulibadilika, lakini lugha ilibaki, na Uislamu pia. Kasida na maulidi vilikuwa na waimbaji wake, waitikiaji wake na wasikilizaji wenye masikio makali. Nyimbo za harusi vivyo hivyo. Anayedai kwamba Kiswahili hakiimbiki katika nchi hii hajapata kukesha katika maulidi hata usiku mmoja.

Kilichofika baadaye ni mashine. Mwaka 1948 kampuni ya santuri ya Ngoma ilianza kazi Léopoldville, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy akatoa wimbo wa Marie-Louise. Loningisa ilifuata mwaka 1950. African Jazz ya Joseph Kabasele ilikwisha kuwa na jina OK Jazz ilipoundwa mwaka 1956. Studio hizo zote zilikuwa katika mji ambao lugha yake ya mtaani ilikuwa Kilingala, na Kilingala hichohicho kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, hata kila kambi ya askari katika nchi ya Waswahili ikawa kama kisiwa cha lugha nyingine. Kwa hiyo santuri ilipofika mashariki ilikuta njia imekwisha kufyekwa na askari.

Kasongo yenyewe iko mashariki ya Lualaba, nje ya njia ya reli iendayo Kindu na Kongolo, na Wamaza iko mbali zaidi. Mpenzi wa muziki wa huko aliijua bendi kwa sauti kabla ya kuiona kwa macho, na wengi hawakuiona kabisa. Aliyahifadhi maneno ya wimbo kama mwanafunzi wa chuoni ahifadhivyo aya kabla ya kufundishwa maana yake. Pengine ndiyo sababu sebene, yaani sehemu ya mwisho ambamo sauti hunyamaza na magitaa huachiwa uwanja, ilipendwa kupita beti: gitaa halihitaji mkalimani.

Hapa watetezi wa tabia ya lugha hupenda kutua. Lakini Katanga inawapinga. Jean-Bosco Mwenda, mwenyeji wa Bunkeya, alirekodiwa Jadotville na Hugh Tracey mwaka 1952, na wimbo wake wa Masanga ukasifiwa mbali na kwao kwa ufundi wa vidole. Yeye na Edouard Masengo waliimba kwa Kiswahili, kwa gitaa kavu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wote wawili walivutwa na Nairobi, ambako kulikuwa na wasikilizaji walioelewa kila neno. Basi Kiswahili na gitaa vilikwisha kufunga ndoa, tena ndoa yenye watoto. Kilichokosekana Maniema hakikuwa utamu wa lugha. Kilikosekana chombo cha kurekodia, ukumbi wenye kiingilio, na umati wa watu wa mshahara kama wale wa miji ya shaba.

Remmy Ongala alikulia katika ukosefu huo. Baba yake alikuwa na sifa katika nyimbo na ngoma za jadi, lakini alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Inasimuliwa kwamba mama yake alikuwa amefiwa na watoto kabla yake, na mganga akamshauri asimnyoe mtoto huyu nywele. Hazikukatwa hadi mama alipofariki mwaka 1964. (Zilipoota tena, watu wa Dar es Salaam walidhani ameiga Jamaika.) Mwaka huo wa 1964 ndio waasi wa Simba waliouteka Kindu mwezi wa Julai, na mji ukachukuliwa tena na jeshi la serikali na mamluki mwezi wa Novemba. Kijana yatima wa miaka 17 alianza maisha ya jukwaani katika hali hiyo, akizunguka na bendi za vijana, kisha akavuka mpaka hadi Uganda. Mwaka 1978 aliingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya jamaa yake, Mzee Makassy.

Njia kati ya Maniema na pwani haikuwa ngeni. Msafara wa karne ya 19 ulipita Ujiji na Tabora. Waliokwenda baadaye walipanda reli hadi Kalemie, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapanda reli nyingine. Jina la Manyema lilikwisha kukaa Ujiji, na Kariakoo upo Msikiti wa Manyema. Aliyetoka Kindu hakuja ugenini kabisa.

Alichokikuta ukumbini ndicho kiini cha suala hili. Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, hadi redio za binafsi ziliporuhusiwa katika miaka ya 1990. Redio hiyo ilizirekodi bendi, lakini santuri zilizochapwa zilikuwa chache, na riziki ya mwanamuziki ilitoka mlangoni, kwenye kiingilio. Bendi ilipiga usiku kadhaa kila wiki, na wimbo mpya aghalabu ulionjeshwa ukumbini kabla ya kupelekwa studio. Wapenzi, kama mashabiki walivyoitwa, waligawanyika: huyu wa Msondo, huyu wa Sikinde, na ugomvi wao ulikuwa mkali kama wa Simba na Yanga. Wimbo ulianza polepole. Watu walicheza kwa utulivu, wengine wakabaki mezani, kwa sababu hapo ndipo kisa kilipokuwa kikisimuliwa. Neno lililomgusa mtu lilimwinua kitini akaenda kumtunza mwimbaji kwa noti. Baadaye tu ndipo ilipokuja sehemu ya chemko, na ukumbi ukajaa vumbi.

Tofauti na Kinshasa si ndogo. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Zaiko Langa Langa iliingiza atalaku, mpiga mayowe wa kuchochea wachezaji, na sebene ikazidi kurefuka na kuzimeza beti. Dar es Salaam nayo iliipenda sebene, lakini haikukubali kunyang'anywa kisa. Remmy, ambaye mwanzoni mwa miaka hiyo alihamia Super Matimila, alifaulu kwa sababu alileta vyote viwili: magitaa yaliyofunzwa na Kongo na ulimi uliozaliwa Kindu. Kwa upande wa isimu alikuwa na bahati, kwani Kiswahili cha Maniema kiko karibu na cha pwani kuliko kile cha Katanga. Aliimba juu ya kifo na juu ya mnyonge, na msikilizaji hakuhitaji kufasiriwa.

Ushahidi ulio bora kuliko wote ni Mambo kwa Soksi, wimbo wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 juu ya ukimwi, ambamo soksi ni kondomu. Radio Tanzania ilikataa kuutangaza. Wimbo ambao redio imeukataa kwa kawaida hufa, hasa palipo na redio moja, huu haukufa. Watu waliusikia ukumbini na katika kanda, wakalichukua neno soksi wakaenda nalo mitaani, wakapata njia ya kusema hadharani jambo ambalo wazazi na walimu walilionea haya. Sebene peke yake, hata ingepigwa na mabingwa wa Kinshasa, isingeweza kazi hiyo. Ilihitaji lugha ambayo mwimbaji na umati waliijua sawasawa, pamoja na mafumbo yake.

Ulaya nako hakukuivunja kanuni hiyo. Super Matimila ilialikwa katika tamasha la WOMAD mwaka 1988, na studio za Real World zikatoa Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Katika santuri hiyo ya pili Remmy aliimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza. Wako waliomlaumu kwamba ameuza ulimi. Lawama hiyo haina uzito: mtu aliyezoea kueleweka na ukumbi wake alitaka kueleweka na ukumbi mwingine.

Remmy Ongala alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, baada ya kuwa ameiacha dansi na kugeukia nyimbo za injili. Mtaani kwake, Sinza, kituo cha daladala kilikuwa kimekwisha kuitwa kwa jina lake, na makondakta walikitangaza kwa maneno mawili tu: kwa Remmy.